Kuzimu, Jehanamu na Tumaini kwa Wote: Hoja ya Mbiti na Kato Itazamwapo kutoka Nyamira

Utangulizi

Katika vilima vya Nyamira maiti huzikwa nyumbani, na mazishi huwa ya kijiji kizima. Msabato, Mkatoliki, Mlutheri na Mpentekoste husimama kulizunguka kaburi moja, maana wote ni ndugu au majirani. Mhubiri asimamapo kusema, hasemi juu ya maisha ya marehemu tu, bali husema pia juu ya mahali alikokwenda, na hapo ndipo wasikilizaji hutega masikio. Ikiwa marehemu alikuwa mtu wa sala, maneno huwa mepesi. Lakini ikiwa alikufa katika ulevi, au alijiua, au alikuwa mzee ambaye hakupata kubatizwa, kila neno la mhubiri huwa na uzito, na mama au mjane wa marehemu hulipima moja moja.

Makala haya yanayachunguza maneno hayo. Kusudi si kuamua ni fundisho la kanisa gani lililo sahihi. Kazi hiyo ni ya wanateolojia. Kusudi ni kuonyesha kwamba hoja iliyozuka nchini Kenya katika miaka ya 1970, kutokana na kitabu cha John Mbiti na jibu la Byang Kato, juu ya kama Mkristo aweza kutumaini wokovu wa watu wote, ilikuwa kwa kiasi kikubwa hoja ya lugha. Wote wawili waliandika kwa Kiingereza. Hoja yao ikirudishwa katika Kiswahili kinachosomwa kanisani na makaburini, baadhi ya mafundo yake hulegea, na mengine huonekana kuwa magumu kuliko ilivyodhaniwa.

Mbiti na Kato

Mbiti, aliyezaliwa Kitui mwaka 1931 na kufariki mwaka 2019, alichapisha mwaka 1971 uchunguzi wake juu ya mambo ya mwisho katika Agano Jipya yakilinganishwa na fikira za Kiafrika. Kitabu hicho kilitokana na utafiti aliokuwa ameufanya katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na mfano wake mkuu ulikuwa Wakamba waliofundishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission. Alichagua maneno machache, kama vile jehanamu, moto, hazina, mji na machozi, akauliza: Mkristo wa Ukambani asikiapo neno hili, huona nini? Jibu lake lilikuwa kwamba huona kitu chenyewe. Taswira za Biblia zilikuwa zimefundishwa kama habari za mahali na vifaa, hata mbingu ikawa mji wa raha za mwili, na jehanamu ikawa tanuri. Kwa maoni yake, alama ilikuwa imechukuliwa badala ya jambo linaloashiriwa, na waumini wakawa wanakimbilia mbinguni au wanaukimbia moto bila ya kumfikia Kristo mwenyewe.

Huo ulikuwa uhakiki wa lugha ya mahubiri, na mpaka leo haujapata mpinzani wa kutosha. Lakini Mbiti hakuishia hapo. Alielekea kusema kwamba hapana nafsi iwezayo kumkimbia Roho wa Mungu daima, hata ikiwa imepotoka namna gani, na kwamba mwisho wa mambo ni Mungu kuwa yote katika wote, kama Paulo anavyosema katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho 15:28.

Kato, mwanateolojia wa Nijeria aliyekuwa katibu mkuu wa umoja wa Waevanjelisti wa Afrika na Madagaska wenye makao Nairobi, alimjibu mwaka 1975. Kitabu chake kilichapishwa Kisumu, mji ambao mtu wa Nyamira huufikia kwa safari ya saa chache. Alimshtaki Mbiti kwa kufundisha kwamba wote wataokoka, na akaliona fundisho hilo kuwa ni shimo ambalo teolojia ya Afrika ilikuwa karibu kutumbukia. Ikiwa wote wataokoka, aliuliza kwa maana, kwa nini kuhubiri Injili? Na maonyo makali ya Yesu mwenyewe yana kazi gani? Kato alifariki Desemba ya mwaka huo huo katika maji ya Mombasa, hajatimiza umri wa miaka 40, na mjadala ukabaki bila ya upande mmoja kupata nafasi ya kuurudia.

Kila mmoja ana nguvu yake na udhaifu wake. Mbiti alijua jinsi neno linavyofanya kazi katika masikio ya msikilizaji, lakini hakuyapa maonyo ya Injili mahali pa kutosha. Msomaji wake aweza kujiuliza kama moto ukishakuwa alama tu kuna jambo lo lote la kuogopwa lililobaki. Kato aliyalinda maonyo hayo, lakini alilisoma tumaini kana kwamba ni fundisho, na akaichukua lugha ya adhabu katika tafsiri ya Kiingereza kana kwamba ilikuwa moja. Haikuwa moja.

Maneno matatu

Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611, iliyowalea wamisionari wengi, hutumia neno moja kwa mahali pawili ambapo Kigiriki kina maneno mawili. Neno la kwanza ni Hades, makao ya wafu wote. La pili ni Gehenna, ambalo latokana na bonde la Hinomu nje ya Yerusalemu, nalo hutajwa mara 12 katika Agano Jipya, karibu mara zote kinywani mwa Yesu. Msomaji wa Kiingereza hakuwa na njia ya kujua ni lipi linalosemwa.

Kiswahili hakikupoteza tofauti hiyo. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952, iliyokusudiwa kuwaunganisha wasomaji wa Kiunguja na wa Kimvita, hutumia kuzimu kwa Hades na jehanum kwa Gehenna. Tena huongeza la tatu katika Ufunuo, yaani ziwa la moto. Maneno haya matatu hayakuzaliwa nyumba moja.

Kuzimu ni neno la Kibantu. Kiambishi cha mahali ku- kimeunganishwa na shina -zimu, lile lile la mzimu na mizimu. Kwa asili kuzimu ni kwa wazimu wa kale, yaani kwa wafu waliotangulia. Si mahali pa moto, wala si pa waovu peke yao. Jehanamu, kwa upande wake, ilikuja na Kiarabu. Ilikuwa imekwisha kaa pwani karne nyingi kabla ya mmisionari wa kwanza kushuka Mombasa, na ilikuwa na sura zake tayari: milango, viwango na malaika walinzi. Mfasiri Mkristo alipoichukua, aliichukua pamoja na vyombo vyake. Ziwa la moto halina asili ya Kibantu wala ya Kiarabu. Ni tafsiri ya neno kwa neno, na hubaki kuwa taswira tupu ambayo haikupata mizizi katika usemi wa kila siku.

Mhubiri achanganyapo maneno haya, maana huvurugika. Mfano ulio wazi ni Ufunuo 20:14, ambapo mauti na kuzimu hutupwa katika ziwa la moto. Ikiwa kuzimu ndiyo jehanamu, basi jehanamu imetupwa ndani ya jehanamu, na aya haina maana. Ikiwa kuzimu ni makao ya wafu, aya yasema jambo kubwa: kwamba makao hayo yana mwisho, na kifo chenyewe kitakufa. Ni kweli kwamba Luka 16:23 humweka tajiri katika mateso huko kuzimu, na hilo lamzuia mhakiki asifanye kuzimu kuwa mahali pa mapumziko tu. Hata hivyo, ni katika mfano huo kwamba Ibrahimu anamwita mtu huyo mwana. Ukoo haukukatwa, ijapokuwa shimo kubwa limewekwa kati yao.

Kanuni ya imani inayosaliwa na Wakatoliki wa Nyamira yasema kwa Kiswahili kwamba Kristo alishukia kuzimu. Kwa Kiingereza cha zamani maneno hayo humfanya Kristo aingie mahali pa adhabu, na Wakristo wengi wa Ulaya waliona haya kuyasema. Kwa Kiswahili maana yake ni nyingine kabisa: Kristo alikwenda waliko wafu. Mgusii anayeelewa shina la neno atasikia kwamba alikwenda waliko chisokoro, wale babu waliolala kabla ya kanisa kufika. Hapa Kiswahili kimehifadhi kitu ambacho Mbiti alikitafuta kwa safari ndefu.

Nyamira na pande tatu

Jambo la babu si dogo katika nchi ya Wagusii, kwa kuwa tarehe zake zinajulikana. Wasabato walianza kazi Gendia mwaka 1906, wakafungua kituo cha Nyanchwa, karibu na mji wa Kisii, mwaka 1912. Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill walianza Nyabururu mwaka 1911. Kwa hiyo mzee wa Nyamira aweza kumtaja kwa jina babu wa baba yake, mtu aliyemwita Mungu Engoro au Nyasae, akafa bila ya kulisikia jina la Yesu. Swali la wokovu wa wote halimjii kama tatizo la falsafa. Humjia likiwa na jina la mtu.

Hapa huonekana pia upungufu mmoja wa mjadala wa Mbiti na Kato. Ulijengwa kana kwamba pande ni mbili tu: ama adhabu isiyo na mwisho, ama wokovu wa wote. Nyamira ina pande tatu, na ule wa tatu una wafuasi wengi sana. Kanisa la Wasabato hukana kabisa kwamba Mungu atawatesa waovu milele. Ellen White, katika maandishi yake ya karne ya 19, alilipinga fundisho hilo kwa ukali, akiliona kuwa linaichafua tabia ya Mungu. Kwa Msabato, mauti ni usingizi. Mfu hajui neno lo lote mpaka ufufuo. Na mwovu asiyetubu huteketea katika mauti ya pili asiwepo tena. Msabato basi huliweka neno milele juu ya matokeo ya adhabu, wala si juu ya maumivu yake.

Faraja ya fundisho hili kaburini yaonekana mara moja: hapana mtu anayeungua wakati ndugu zake wanakunywa chai ya matanga. Lakini lina ugumu wake, nao hausemwi mara kwa mara. Linaondoa mateso, lakini haliwezi kumrudisha aliyepotea. Mama ambaye mwanawe alikufa katika ubaya haambiwi kwamba mwana yumo motoni. Aambiwa kwamba siku moja hatakuwapo kabisa. Ikiwa swali la Mbiti laulizwa hapa, yaani Mungu atakuwaje yote katika wote, jibu la Msabato ni kwamba wote maana yake ni wale watakaokuwapo. Jibu hilo lina mantiki, ila gharama yake ni kulifupisha neno wote.

Mkatoliki jirani yake ana toharani, na kwa hiyo ana kazi ya kufanya baada ya mazishi: huomba. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1964 kwamba wasioijua Injili bila ya kosa lao, nao wakamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, waweza kuupata wokovu. Na katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 yasema kwamba haifai kukata tamaa juu ya wokovu wa milele wa wale waliojiua. Wakati huo huo katekisimu hiyo yashikilia kwamba jehanamu ipo na ni ya milele. Kuna sala ambayo Wakatoliki huisali kila baada ya fungu la rozari. Ndani ya sentensi moja humwomba Yesu awaokoe na moto, kisha humwomba aziongoze mbinguni roho zote, hasa zile zinazohitaji zaidi huruma yake. Wanaoisali hawaoni mgongano. Onyo na ombi vinakaa pamoja, na hakuna kinachokifuta kingine.

Milele na wote

Kato angejibu kwamba sala si hoja, na kwamba maandiko yamesema milele. Jibu hili halipaswi kupuuzwa. Katika Mathayo 25:46 neno lile lile la Kigiriki, aionios, limewekwa juu ya adhabu na juu ya uzima. Augustino wa Hippo, Mwafrika wa Kaskazini, aliijenga hoja yake juu ya usawa huo: ikiwa adhabu ina mwisho, kwa nini uzima usiwe na mwisho? Mtu hawezi kukata ncha moja ya kipimo na kuiacha nyingine.

Hata hivyo, Augustino alisoma hasa kwa Kilatini. Wengi wa waliosoma kwa Kigiriki walikubaliana naye, lakini si wote. Aionios hutokana na aion, yaani zama, na baadhi ya mababa walilielewa kuwa ni jambo la zama zijazo, lililo zito na lisilopimika, bila ya kulazimisha kwamba haliishi kamwe. Origene wa Aleksandria alitumaini kurejezwa kwa viumbe vyote, na mafundisho yaliyohusishwa na jina lake yalilaaniwa katika karne ya 6. Gregori wa Nisa alitumaini mambo yanayokaribiana na hayo, na hakulaaniwa. Kanisa lamwita mtakatifu. Kwa hiyo si kweli kwamba tumaini hilo ni uzushi uliotungwa na Waafrika wa karne ya 20 kwa ajili ya kuwatetea babu zao.

Kiswahili kimetoa neno milele, nalo halina shina la zama ndani yake. Hufunga mlango kwa nguvu kuliko Kigiriki. Hata hivyo lugha ina dahari, zama na karne, na washairi wamezoea kuviweka dahari na milele bega kwa bega, kana kwamba kimoja hakitoshi bila ya kingine. Jambo hili lamgusa Mbiti pia. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 alikopa kutoka Kiswahili maneno mawili, sasa na zamani, akadai kwamba katika fikira za Kiafrika wakati ujao wa mbali karibu haupo. Lakini lugha iliyomkopesha maneno hayo mawili ina pia kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, tena ina milele na ahera. Mzungumzaji wa Kiswahili hana shida ya kuufikiri wakati ujao. Shida yake ni kwamba neno alilopewa kwa ajili ya mwisho halina mwanya wo wote.

Neno wote nalo lina kazi. Katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo 2:4 Mungu hutaka watu wote waokolewe; katika 1 Wakorintho 15:22 wote watahuishwa katika Kristo. Wafasiri wa upande wa Kato huelewa kwamba wote wa kwanza ni watu wa kila namna, na wote wa pili ni wale walio ndani ya Kristo. Sarufi ya Kiswahili haikatazi tafsiri hiyo, lakini haiisaidii. Kiswahili hutofautisha vizuri watu wote na watu wa namna zote, na mfasiri aliyetaka la pili alikuwa na njia rahisi ya kulisema.

Tumaini na umbo la kitenzi

Katika aya hizo mbili kuna tofauti ya sarufi ambayo ndiyo kiini cha jambo. Watahuishwa ni wakati ujao: ni kauli. Waokolewe ni kitenzi chenye -e ya mwisho, umbo la ombi, kusudi na matakwa. Anayesema wote wataokoka anafundisha. Anayesema wote waokoke anaomba. Kiswahili humlazimisha msemaji kuchagua, maana kiambishi -ta- na irabu -e haviwezi kuingia pamoja katika kitenzi kimoja.

Kwa kipimo hiki Mbiti na Kato waweza kuhukumiwa kwa haki zaidi. Mbiti aliiendea hatari pale alipoisogeza lugha ya matakwa hadi ikakaribia kuwa kauli. Kato alikosa pale alipokataa kauli na, kwa kufanya hivyo, akafunga pia njia ya ombi. Hans Urs von Balthasar, Mkatoliki wa Uswisi, alijitahidi mwaka 1986 kuyatenga mambo hayo mawili: haifai kujua kwamba wote wataokoka, lakini yafaa kutumaini, na upendo hulazimisha kutumaini. Naye Papa Fransisko, alipohojiwa katika televisheni ya Italia Januari 2024, alisema kwamba apenda kuifikiri jehanamu kuwa tupu, akaeleza kuwa hayo ni maoni yake, si fundisho la imani. Wapo waliolaumu kauli zote mbili kwa maneno yale yale ya Kato. Lawama hiyo ingekuwa na nguvu kama wangesema -ta-.

Swali la Kato juu ya kazi ya Injili lapata jibu hapa. Anayeomba wote waokoke hana ruhusa ya kukaa kitako, maana ombi humfunga mwombaji. Anayetaka mvua inyeshe hulima shamba. Ni yule anayejua tu, awe ni mwenye kujua kwamba wote wataingia au mwenye kujua nani hataingia, ambaye hana tena la kufanya kaburini isipokuwa kutangaza.

Hitimisho

Mambo matatu yatokana na uchunguzi huu. Kwanza, wahubiri na wafasiri waliopewa kuzimu, jehanamu na ziwa la moto wasiyafanye kuwa neno moja. Tofauti hiyo ni urithi wa Kiswahili, na kuipoteza ni kuirudia hasara ya Kiingereza. Pili, wachunguzi wa teolojia ya Afrika wasiirudie hoja ya miaka ya 1970 kana kwamba ina pande mbili tu; mahali kama Nyamira, ambapo Msabato na Mkatoliki hupakana shamba kwa shamba, pana ushahidi wa pande tatu au zaidi, nao haujakusanywa ipasavyo. Mbiti mwenyewe alionyesha mfano kwa kulitafsiri Agano Jipya lote kwa Kikamba kutoka Kigiriki, kazi iliyochapishwa mwaka 2014; Ekegusii nacho chastahili uchunguzi wa maneno yake ya mauti, moto na rehema kwa uangalifu wa namna hiyo.

Tatu, ni jambo la mhubiri anaposimama mbele ya kaburi la mtu ambaye hakumaliza vizuri. Hana haki ya kumwambia mama kwamba mwanawe ameokoka, kwa kuwa hajui. Hana haki ya kumwambia kwamba amepotea, kwa kuwa hilo nalo halijui. Lugha imempa umbo la tatu, na mama amekuwa akilitumia tangu alipopewa habari za kifo: Mungu amrehemu. Mhubiri aweza kuanzia hapo.